Kabla hujanunua hedseti isiyo na waya, geuza simu ya ofisini uitazame mgongoni

Kila wiki kuna mtu hunitumia WhatsApp picha ya boksi la hedseti na maneno matatu: "Kaka, hii itafaa?" Boksi limejaa maandishi, bei imeandikwa pembeni kwa kalamu, na mwenye duka anasubiri jibu. Nami hujibu vilevile kila mara: nitumie kwanza picha ya mgongo wa simu yako. Wengine hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Hedseti ni nusu ya kitu. Nusu nyingine ni simu iliyopo mezani kwako. Maneno ya kwenye boksi hayana maana mpaka ujue hedseti itazungumza na simu gani.

Nafunga simu za ofisini hapa Arusha, zaidi kwa kampuni za utalii za Sokoine, Goliondoi na Njiro, na mara mojamoja nashuka Moshi. Mtu wa buking anasikiliza huku anaandika: mgeni yuko Ujerumani, anataja tarehe, idadi ya watoto, nani hali nyama, nani anaogopa ndege ndogo. Akiubana mkono wa simu kwa bega na sikio tangu asubuhi, ikifika saa kumi jioni shingo haigeuki. Hedseti isiyo na waya inamwachia mikono yote miwili, na anaweza kuinuka kufuata faili bila kumwambia mgeni asubiri. Ni kifaa kinachostahili fedha yake, ndiyo maana huniuma kuona fedha hiyo ikienda kwenye boksi lisilofaa.

Hatua ya kwanza: jua una simu ya aina gani

Geuza simu uangalie matundu. Tundu dogo kuliko yote, linaloingia ule waya uliojikunja wa mkono wa simu, huitwa RJ9. Lina pini nne. Kubwa kidogo ni RJ11, tundu la laini ya kawaida ya simu. Kubwa zaidi ni RJ45 lenye pini nane, tundu la netiwaki, kama lile la kompyuta.

Kama waya unaotoka ukutani unaingia RJ45, sauti yako inasafiri kama data za intaneti. Huo mtindo ndio unaoitwa VoIP, na kanuni zinazotumika kuita, kupokea na kukata simu hizo huitwa SIP. Ukiona simu haina chaja yake lakini inawaka, ujue inapewa umeme kupitia waya uleule wa netiwaki. Hiyo ni PoE. Likumbuke neno hilo, nitalirudia nikifika kwenye kukatika kwa umeme.

Neno PBX lisikutishe: ni swichibodi, mashine au programu inayogawa laini chache za nje kwa watu wengi wa ndani. Namba ndefu inayoanza na 027, msimbo wa mezani wa Arusha na Kilimanjaro, ni ya laini ya nje. Namba fupi kama 104 unayompigia mhasibu ni eksitensheni, na haitoki nje ya jengo.

Sasa chukua karatasi uandike mazungumzo yako ya kazi yanapita wapi: simu ya mezani, kompyuta, au simu ya mkononi. Ofisi nyingi za hapa zina yote matatu, kwa sababu wageni wengi siku hizi hupiga WhatsApp. Ya mezani inataka hedseti yenye besi, yaani kile kistendi kinachokaa mezani, kinachochaji hedseti na kuunganishwa na simu kwa waya. Ya kompyuta inataka USB. Ya mkononi inataka Bluetooth. Kuna hedseti zinazofanya mawili, na chache zinafanya yote matatu, lakini boksi lisipotaja moja kwa moja, usidhanie.

Hatua ya pili: tembea ukihesabu

Inuka kwenye kiti. Nenda mpaka mahali pa mbali unapoweza kufika ukiwa unaongea: kabati la mafaili, stoo, geti la kupokea wageni. Hesabu hatua, na hesabu kuta. Ukuta wa mbao nyembamba haumalizi mawimbi. Zege lenye nondo linayamaliza haraka, na dari ya zege kati ya ghorofa mbili ni mbaya kuliko ukuta wowote.

Ndani ya jengo, hedseti ya DECT, yaani inayotumia mawimbi ya simu za mezani zisizo na waya, hufika kama mita 50 kutoka kwenye besi. Uwanjani pasipo kizuizi, kama 300. Bluetooth ina madaraja. Daraja la 2, ambalo liko kwenye vifaa vingi vya kawaida, limekusudiwa mita 10. Daraja la 1 linaweza kufika 100 mahali pa wazi, lakini hapa wengi hudanganyika: mawasiliano yana pande mbili. Hedseti yako ikiwa na nguvu na simu ya mkononi haina, hedseti itapiga kelele na simu haitaweza kujibu. Umbali wa kweli ni ule wa kifaa dhaifu.

Kwa hiyo, kama safari yako inavuka kuta mbili za tofali, nenda DECT. Kama hutoki mezani, Bluetooth inatosha, na ni nafuu.

Hatua ya tatu: soma namba za masafa, zote

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

DECT ni kiwango cha simu zisizo na waya kilichotungwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na taasisi ya viwango vya mawasiliano ya huko, ETSI. Masafa yake ya Ulaya ni 1880 hadi 1900 MHz. Kinachokifanya kifae ofisini ni namna kinavyogawana hewa. Mkanda huo una njia 10. Kila njia, kila milisekunde 10, hukatwa vipande 24: 12 vya kwenda na 12 vya kurudi. Mazungumzo yako yanashika kipande kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, ya jirani yako yanashika vingine, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Zidisha 10 kwa 12 upate nafasi 120. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Ofisini idadi hupungua, hasa mkitumia sauti pana ambayo hula nafasi zaidi. Hata hivyo, kwa chumba cha watu sita au kumi wanaoongea kwa pamoja, sijaona kitu kinachotulia kama DECT.

Bluetooth inaishi kwingine, kwenye 2.4 GHz, na mtaa huo una watu wengi. Wi-Fi ipo hapo. Maikrowevu ya jikoni nayo hutoa mawimbi yake hapohapo. Bluetooth hujiokoa kwa kurukaruka: ile ya kawaida ina njia 79 na hubadilisha njia mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa zenye kelele. Hurukaruka vizuri, lakini kama meza ya mapokezi inapakana na jiko na mtu anapasha chakula cha mchana, mgeni atasikia mikwaruzo. Nimeshahamisha maikrowevu mara mbili, na tatizo likaisha bila kununua kitu.

Sasa kosa langu. Mteja alipata hedseti nne alizonunuliwa Marekani na ndugu yake, kwa bei nzuri sana. Ziliandikwa DECT 6.0. Nikaona namba 6.0 nikadhani ni toleo jipya zaidi. Nikachomeka besi ya kwanza ukutani, na ndani ya muda mfupi harufu ya plastiki ikajaa chumba. Adapta ilikuwa ya volti 120, umeme wetu ni 230. Nilipaswa kuisoma. Ukiona adapta imeandikwa 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Ukiona 120V peke yake, usiichomeke kwenye soketi.

Hayakuishia hapo. Tulipotafuta adapta nyingine ndipo nikajifunza kwamba 6.0 ni jina la biashara tu la soko la Marekani. Si toleo la sita wala si GHz 6. Masafa yake ni 1920 hadi 1930 MHz. Kwetu hapo si pa hedseti: ni sehemu ya mkanda wa 2100 MHz wa kampuni za simu, sehemu ambayo simu za mkononi hutumia kuupelekea mnara sauti na data. Hedseti ya aina hiyo inaweza kuukwaza mnara wa mtaa mzima huku wewe ukiongea vizuri bila kujua. Vifaa vya mawasiliano nchini vinatakiwa kuwa na idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na sababu kubwa ni mambo kama haya. Zile tatu zilizobaki hatukuziwasha. Mteja alipoteza fedha, na mimi nilimfidia kazi yangu.

Kwa hiyo, dukani, tafuta 1880–1900 kwenye boksi au kwenye kibandiko chini ya besi. Ukikuta 6.0, rudisha kwenye rafu hata kama ni ya bure.

Hatua ya nne: uliza kelele inazuiwa masikioni mwa nani

Karibu kila boksi linasema linazuia kelele. Kuna vitu viwili tofauti vinavyojificha nyuma ya maneno hayo, na kuvichanganya ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi.

Cha kwanza ni ANC. Hiki kinakulinda wewe: maiki ndogo zinasikiliza mngurumo wa nje, hedseti inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mngurumo unapungua masikioni mwako. Cha pili ni maiki inayochuja kelele. Hiki kinamlinda anayekusikiliza: maiki inashika mdomo wako na kuacha mengine.

Dada mmoja wa mapokezi, ofisi yake ikiwa ghorofa ya kwanza juu ya barabara ya Sokoine, alinunua hedifoni kubwa za muziki zenye ANC nzuri kabisa. Yeye alikaa kwenye utulivu kama wa msituni. Wageni wake walisikia honi za daladala, bodaboda, konda anayeita abiria, na jirani anayechomelea geti. Alikuja kwangu amekasirika: "Kaka, nimetoa hela yote ile, na mgeni ananiuliza kama niko sokoni!" Hedifoni zake hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinafanya kazi kwa ajili yake, naye alihitaji kitu kinachofanya kazi kwa ajili ya mgeni.

Kwa ofisi ya barabarani, maiki kwanza. Chagua yenye mkono unaofika karibu na mdomo, si ile iliyofichwa kwenye sikio. Iweke pembeni mwa midomo, umbali wa vidole viwili, isiwe mbele kabisa maana pumzi zitaipiga. ANC ni nyongeza njema fedha ikiruhusu.

Hapo hapo utaona mono na duo. Mono ni ya sikio moja, humfaa wa mapokezi ambaye lazima amsikie anayeingia mlangoni. Duo ni ya masikio mawili, humfaa wa buking.

Na sauti pana: simu za kawaida hubeba sauti kati ya 300 na 3,400 Hz tu. Sehemu kubwa ya mlio wa "s" na "f" iko juu ya hapo, ndiyo maana mgeni akikutajia herufi za jina lake la pasipoti unarudia mara tatu na bado unakosea. Sauti pana hufika karibu 7,000 Hz. Kwenye orodha ya simu itafute kama G.722, ile ya kawaida ni G.711. Hizo huitwa kodeki, yaani namna sauti inavyogeuzwa kuwa data. Lakini pande zote mbili na njia yote katikati lazima ziikubali. Mgeni akipiga kupitia laini ya kawaida, sauti itabaki nyembamba hata ukivaa hedseti ya bei gani.

Hatua ya tano: nani anaunyanyua mkono wa simu?

Moshi, kwenye ofisi moja inayopandisha wageni Kilimanjaro, nilimkuta mhasibu mtu mzima. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akanionyesha hedseti yake mpya.

"Mwanangu, hii inaita sikioni, nabonyeza kitufe, haipokei. Naikimbilia simu mezani, naunyanyua mkono, nauweka pembeni, ndiyo inapokea. Sasa faida yake nini?"

"Mzee, hedseti ni nzima. Imekosa waya mmoja."

Simu ya mezani hupokea pale mkono unaponyanyuka na kile kitufe chini yake kuachiwa. Hedseti isiyo na waya ikichomekwa RJ9 peke yake inabeba sauti tu; haina njia ya kuiambia simu ipokee. Tiba ni mbili. Ya zamani ni kinyanyuzi, kimkono chenye mota kinachoinua mkono wa simu wenyewe. Hufanya kazi na karibu simu yoyote, ila kina mlio na hukwama. Ya kisasa ni waya wa EHS, unaopeleka amri ya kupokea na kukata kwa umeme kati ya besi na simu. Ndio aliokosa mzee.

Shida ya EHS ni kwamba haina umbo moja. Waya wa simu ya Yealink haufai Cisco, na waya wa besi ya Jabra haufai besi ya Poly hata simu ikiwa ileile. Ukienda kununua, taja vitu viwili kwa pamoja: modeli kamili ya simu na modeli kamili ya besi. Muuzaji akikuambia "hii ni ya zote," omba akujaribishie palepale.

Na majina ya kampuni yasikuchanganye: Plantronics na Polycom ziliungana mwaka 2018, mwaka uliofuata zikaitwa Poly, na tangu 2022 Poly ni mali ya HP. Waya wenye jina la zamani mara nyingi ndio uleule. Plantronics hao ndio walioitengeneza hedseti iliyobeba sauti ya Neil Armstrong kutoka mwezini mwaka 1969, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapofungua boksi lao.

Kwa kompyuta hakuna mkono wa kunyanyua, lakini programu ya simu lazima ikitambue kitufe. Hedseti nyingi hutoka kwa matoleo mawili: MS kwa wanaotumia Microsoft Teams, na UC kwa programu nyingine.

Hatua ya sita: funga, kisha jaribu kwa utaratibu

Chaji mpaka ijae kwanza. Ya DECT huwa imeshaoana na besi yake kutoka kiwandani. Ukibadilisha hedseti, iweke juu ya besi na ufuate kijitabu. Ya Bluetooth, shikilia kitufe mpaka taa imetemete kwa kasi, kisha itafute kwenye simu. Kama boksi linasema multipointi, inaweza kushikamana na vifaa viwili kwa wakati mmoja, mfano laptop na simu ya mkononi.

Mpigie mtu wa nje ya ofisi, si wa meza ya jirani. Mwulize anasikiaje. Akisema anasikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe, kosa liko upande wako: sauti ya spika yako inavujia kwenye maiki, punguza. Wewe ukijikuta unapaza sauti bila sababu, tafuta saidtoni kwenye mipangilio uiongeze. Ni ile sauti yako kidogo unayorudishiwa sikioni, na isipokuwepo binadamu hupiga kelele kama aliyeziba masikio.

Ukisikia sauti ikikatakata, usiilaumu hedseti bado. Nyanyua mkono wa simu uendelee na mazungumzo yaleyale. Ikikatakata na hapo, tatizo ni laini. Kwenye VoIP tafuta maneno matatu: upotevu wa pakiti, yaani vile vipande vya data vinavyobeba sauti; jita, yaani pakiti kufika kwa mwendo usio sawa; na ucheleweshaji. Simu moja ya G.711 hutaka karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu tano hazifiki hata nusu megabiti. Mara nyingi intaneti inatosha, ila kuna mtu anapakia video za safari kwenye laini hiyohiyo. Mwombe fundi wa netiwaki aipe sauti kipaumbele. Ucheleweshaji ukibaki chini ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, maongezi yanaenda vizuri. Ofisi inayoongea na kambi ya Serengeti kupitia setilaiti ya mbali, ile iliyo karibu kilomita 36,000 juu, itapata karibu 250 kwa safari ya angani tu. Hapo watu watakatishana maneno, na hakuna hedseti ya kuliponya hilo. Zoeeni kusema na kusubiri.

Hatua ya saba: umeme na vumbi

Umeme ukikatika, betri ya hedseti imejaa lakini simu imekufa, kwa sababu besi haina betri. Weka besi kwenye UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Kama simu ni ya PoE, simu na besi kwenye UPS havitoshi: ile swichi ya netiwaki inayoipa simu umeme nayo lazima iwe kwenye UPS, pamoja na ruta. Kiache kimoja tu nje na mnyororo wote unakatika.

Vumbi la kiangazi hujaa kwenye sponji za masikio. Za ngozi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Za sponji hubadilishwa. Watu wawili wakipokezana zamu, kila mmoja awe na sponji zake.

Mwisho, andika kwa kalamu isiyofutika, chini ya kila besi na ndani ya mkono wa hedseti yake, namba ya eksitensheni. Besi mbili za modeli moja hazitofautiki kwa macho, na baada ya usafi wa Jumamosi kila mtu hurudisha hedseti kwenye besi ya mwenzake. Jumatatu asubuhi simu ya mhasibu inaita sikioni mwa mpishi.